Imeili ya Bure: Nani Alikuwa Anasoma Barua Zetu?

Wadau, hivi mlishawahi kujiuliza? Imeili tumefungua bure, hatulipi hata senti, sasa mwenye nayo anakula wapi?

Turudi nyuma kidogo. Katikati ya miaka ya 90 kule California, jamaa wawili waliokuwa wameajiriwa walikuwa wanapanga biashara yao pembeni. Tatizo likawa moja: wakiandikiana kwa imeili ya kazini, bosi anaweza kuchungulia. Wakawaza, kwa nini barua isikae kwenye intaneti, uifungue kwenye kompyuta yoyote ile? Ndiyo ikazaliwa Hotmail, tarehe 4 Julai 1996, siku ya uhuru wa Marekani. Yaani kitu chenyewe kilianza kwa kumkimbia mtu anayesoma barua za wenzake!

Mwisho wa 1997 Microsoft wakainunua kwa takriban dola milioni 400. Agosti 1999 aibu ikawakuta: ulitokea upenyo ambao ukijua tu jina la akaunti ya mtu, unaingia bila neno lake la siri. Wakaziba fasta, ila watu walishaingia.

Halafu ikaja Gmail, tarehe 1 Aprili 2004. Wengi walidhani ni utani wa siku ya wajinga, maana ilitoa nafasi ya GB 1 wakati Hotmail walikuwa wanatoa MB 2. Kumbe bei ilikuwepo. Mashine ilikuwa inapitia maneno ya barua zako ili ikuwekee matangazo yanayofanana nayo. Mashirika 31 yakaandika barua kupinga, na seneta mmoja wa jimbo la California akapeleka muswada. Google wakajitetea kwamba anayesoma ni kompyuta, siyo mtu. Sawa, lakini mimi ambaye sina Gmail nikikuandikia wewe mwenye nayo, nani aliniuliza mimi? Hapo ndipo palipouma, na sisi tukaendelea kujiunga tu.

Google walikuja kutangaza kuacha mchezo huo Juni 2017, miaka 13 baadaye. Oktoba mwaka huohuo, Yahoo wakakiri kwamba wizi uliowapata 2013 uligusa akaunti zote bilioni 3: majina, namba za simu, tarehe za kuzaliwa. Ile yako uliyofungulia intaneti kafe ukaisahau, kama 2013 ilikuwa bado ipo, nayo ilikuwemo.