Vanila: Bei Yake na Thamani Yake

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo yafaa kupimwa kwa mfano wa tunda la vanila, linalotiwa katika keki, chokoleti na aisikrimu. Miongoni mwa viungo vyote, kwa kawaida ni zafarani peke yake inayoishinda vanila kwa bei. Sisi tuishio Uganda twaiona ikimea Mukono, Kayunga na Bundibugyo, lakini ni nadra kuikuta katika majiko yetu. Je, anayeinunua kwa bei hiyo hupata kitu kinacholingana na fedha zake? Ulimi peke yake si hakimu wa kutosha. Hatuna budi kuiuliza historia pia.

Asili ya vanila ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Watotonac wa pwani ya mashariki ya Meksiko waliikuza, na Waazteki waliitia katika kinywaji chao cha kakao. Wahispania waliouteka mji mkuu wa Waazteki mwaka 1521 waliijua huko, nayo ikafika Ulaya na kuwa anasa ya wakubwa. Baadaye Wazungu waliupeleka mmea huo katika makoloni yao. Ulistawi na kutoa maua, lakini haukuzaa. Ndani ya ua la vanila mna utando mwembamba unaoitenga chavua na sehemu ya kike, na wadudu wa kwao Meksiko waliolisaidia ua hilo hawakuwako ugenini. Mwaka 1836 Charles Morren, mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, alifaulu kulichavusha kwa mkono, ila njia yake haikuwafaa wakulima.

Aliyelifumbua fumbo hilo mashambani alikuwa mtoto mtumwa. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion kilichoitwa Bourbon wakati huo, Edmond, mwenye umri wa miaka 12 tu, aliuinua utando ule kwa kijiti chembamba, kisha kwa kidole gumba akaisukuma chavua mahali pake. Njia hiyo ilienea hadi Bukini, yaani Madagaska, na Komoro. Kabla ya karne ya 19 kwisha, visiwa hivyo vilikuwa vimeipita Meksiko kwa mavuno. Edmond aliachwa huru mwaka 1848 utumwa ulipokomeshwa kisiwani, akapewa jina la ukoo la Albius. Wengine walitajirika kwa ujuzi wake. Yeye alifariki mwaka 1880 akiwa fukara.

Hadi leo kazi ni ile ile. Kila ua hufunguka kwa asubuhi moja tu, na mkulima asipoliwahi hukosa tunda. Tunda nalo hukaa juu ya mmea kwa muda wa miezi tisa hivi. Likishachumwa hutiwa katika maji ya moto, hufunikwa litoe jasho, huanikwa juani siku baada ya siku, kisha huhifadhiwa kwa miezi hadi harufu yake ikamilike. Kilo tano au sita za matunda mabichi hutoa kilo moja tu iliyo kavu. Basi ghali hii si hila ya wachuuzi peke yao. Sehemu yake kubwa ni jasho la watu.

Hata hivyo, mnunuzi naye ana haki ya kupima. Mwaka 1874 Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann waliweza kuitengeneza vanilini, harufu kuu ya tunda hilo, kutokana na utomvu wa misonobari. Tangu hapo harufu hiyo hupatikana kwa bei nafuu. Katika biskuti zilizookwa kwa moto mkali, ni vigumu kuitambua tofauti. Lakini katika maziwa yaliyopikwa kwa moto mdogo, au katika aisikrimu, tunda halisi lenye mchanganyiko wa harufu nyingi hujidhihirisha. Kwa hiyo, kulitia kila mahali ni kutupa fedha.

Kadhalika, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya kimbunga Enawo kuipiga Madagaska mwezi Machi 2017, kilo moja ya vanila ilipita dola 500 za Marekani. Wezi waliingia mashambani, wakulima wakalazimika kukesha, na wengine wakayachuma matunda mabichi kabla hayajaibwa. Tunda lisilokomaa lina harufu haba. Hivyo bei ilipanda huku ubora ukishuka. Ndiyo sababu serikali ya Uganda ilianza kutangaza tarehe za kuvuna. Mwaka 2023, Madagaska ilipoiondoa bei ya chini ya dola 250 kwa kilo iliyokuwa imewekwa kwa mauzo ya nje, bei iliporomoka, na mkulima ndiye aliyeumia kwanza.

Hukumu yetu basi ni hii. Vanila iliyokomaa, ikatumiwa mahali ambapo harufu yake haipotei, inastahili bei yake, maadamu fungu la haki la bei hiyo limemfikia aliyeinama juu ya ua alfajiri. Vinginevyo mnunuzi hulipia jina tu. Nasi walimu, tunapowafundisha wanafunzi habari za ua na chavua, tusisahau kuwatajia Edmond Albius.