Maji na Mwanawe Umeme

Katika Bonde la Kilombero umeme ni mtoto wa maji. Mwaka 1975 Mto Ruaha Mkuu ulianza kuzungusha mitambo ya Kidatu, ambayo baadaye ilifikia uwezo wa megawati 204. Kufikia mwaka 2000 Mto Kihansi, uporomokao kutoka milima ya Udzungwa, ulikwisha kuongeza megawati 180.

Lakini mtoto huyu arudipo bafuni kwa mzazi wake bila ya kuchungwa, huua. Mtu aliyeketi katika hodhi la maji ya moto hapo Ifakara, mwili umelowa, aweza kushika bomba kwa mkono mmoja na chombo cha kuchemshia maji kwa mkono wa pili. Ikiwa vyuma hivyo viwili havina nguvu sawa, umeme humfanya yeye daraja. Umeme hauui kwa kuwapo. Huua kwa kupita.

Siri hii Michael Faraday aliidhihirisha London mwaka 1836. Aliketi ndani ya kizimba kilichovikwa madini, kikatiwa umeme mkali, naye asidhurike, kwa sababu pande zote zilikuwa na nguvu moja.

Fundi mwema hufuata hekima hiyo: huunganisha vyuma vyote vya bafuni kwa waya wa shaba, kisha akaupeleka waya ardhini. Waya huo hauwashi taa wala hauchemshi maji. Ndiyo maana bahili huuona hasara. Tuisifu Kidatu, lakini tusiudharau uzi huo. Kuupata umeme ni nusu ya historia. Nusu ya pili ni kuishi nao.