Mlango Kwanza, Kuta Baadaye

Sheria ya Mambo ya Kale ilipotungwa mwaka 1964 iliweka mipaka miwili ya umri ambayo watu wachache wa Tanga wanaifahamu. Jengo lilihesabiwa kuwa la kale ikiwa lilisimamishwa kabla ya mwaka 1863. Mlango wa mbao wenye nakshi, pamoja na fremu yake, uliwekewa ulinzi ikiwa ulichongwa kabla ya mwaka 1940. Kwa hiyo nyumba ya tajiri wa Pangani iliyojengwa mwaka 1890 haikupata kinga ya moja kwa moja, lakini mlango wake ulipata. Miaka 77 inautenga ukuta na mlango ulioshikwa na ukuta huo huo.

Anayeijua pwani hii hatashangaa. Kwa karne nyingi hapa sanaa na ujenzi vilikuwa kazi moja, na sehemu iliyobeba sanaa ndiyo iliyobeba heshima ya jengo zima. Mafundi waliweka nakshi pale ambapo mtu hukutana na jengo kwa mwili wake: anapoingia, anaposwali, na anapozikwa.

Tuanze na kuzikwa. Ukishika barabara ya Pangani kutoka Tanga mjini, baada ya kilomita zipatazo 20 utafika Tongoni. Yapo magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40 ya karne ya 14 na 15, mengi yakiwa yalijengwa na nguzo ya mawe upande wa kichwani. Mji huu ulikuwa hai Vasco da Gama aliporudi kutoka India mwaka 1499 na kuichoma moto meli yake, São Rafael, karibu na ufuo huu, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Kaburi la nguzo ni jengo na ni sanamu kwa wakati mmoja. Kuta zake fupi zimegawanywa kwa mistari na vijumba vya mapambo, na katika makaburi ya aina hii, hadi Kaole na Kunduchi, bakuli za kauri kutoka China zilipachikwa kwenye chokaa ingali mbichi. Leo nyingi zimeng'olewa na wezi. Panabaki shimo la duara ukutani, na mtu akiliona bila kuelezwa hudhani ni ubovu wa ukuta.

Siri ya kazi ile iko katika jiwe lenyewe. Tumbawe linalotolewa baharini likiwa bado bichi hukatika kwa patasi kama muhogo. Likikaa juani na kwenye upepo hukakamaa, na baada ya hapo halichongeki kwa urahisi. Mchongaji hakuwa na nafasi ya kungoja ukuta ukamilike ndipo apambe. Alipaswa kukata maandishi na maua yake jiwe likiwa laini, kisha mwashi alipange mahali pake. Nakshi ilitangulia ukuta. Ndivyo zilivyo kazi bora za tumbawe za mwambao huu, ikiwa ni pamoja na maandishi ya Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107.

Mti nao ulikuwa na amri yake. Dari za nyumba za mawe zilishikwa na boriti za mikoko, na boriti imara haivuki nafasi kubwa: mita mbili na nusu, tatu kwa shida. Hiyo ndiyo sababu vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Waashi wa Lamu na Pate wa karne ya 18 walikabiliana na wembamba huo kwa zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa kwenye ukuta wa nyuma, hata chumba chembamba kikaonekana kina kina. Naiona hiyo kuwa hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya wanaodai kwamba urembo ni gharama ya ziada. Pale urembo ulitibu tatizo ambalo mti ulishindwa kulitatua.

Mlango wa nakshi ulifikia kilele chake karne ya 19, na Pangani ni mahali pema pa kuusoma. Fremu ndiyo iliyotangulia kusimamishwa, kisha kuta zikajengwa kuizunguka. Kila sehemu ilikuwa na kazi yake na mapambo yake: miimo pembeni, kizingiti cha juu kilichobeba aya au jina na mwaka, na mfaa katikati unaofunika mahali mabawa mawili yanapokutana. Mbao zilikuwa za mvule, mfenesi au msaji. Samaki, mnyororo na mtende vilichongwa na mafundi waliochanganya mikono ya Waswahili, Waarabu na Wahindi. Lakini tuseme kweli yote: Pangani ilitajirika kwa misafara ya pembe za ndovu na watumwa na kwa mashamba ya miwa, na milango ile ililipiwa kwa fedha hizo. Tunaposifu mkono wa fundi, tusiwasahau waliopitishwa chini ya kizingiti wakiwa wamefungwa.

Upinzani dhidi ya Wajerumani ulizuka Pangani mwaka 1888, na kiongozi wake, Bushiri bin Salim, alinyongwa hapo mwaka uliofuata. Utawala mpya uliweka Tanga boma, shule mwaka 1892, reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893, na barabara zilizonyooka za Ngamiani ambazo hadi leo tunazitaja kwa namba. Pamoja na hayo ulikuja utaratibu ambao Ulaya ilikuwa imeuzoea: mchoraji wa ramani ofisini, fundi kwenye kiunzi, na msanii mahali pengine kabisa. Waingereza waliitwaa Tanga mwaka 1916. Miaka mitatu baadaye, mjini Weimar, Ujerumani, Walter Gropius alianzisha shule ya Bauhaus kwa tamko lililowataka wasanifu majengo, wachongaji na wachoraji warudi pamoja kwenye ufundi wa mikono. Walichokuwa wakikitafuta kwa hamu kilikuwa bado kinafanyika Pangani na Unguja.

Na Makorora, hapa Tanga mjini, je? Hapa hakuna kuta za tumbawe wala majumba ya matajiri. Kuna nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma, baraza mbele. Udongo na miti vimepisha matofali ya saruji, makuti yamepisha bati, lakini ramani ni ile ile. Nakshi nayo imehamia kwenye vitu vipya. Iko katika matofali ya matundu yanayopitisha upepo juu ya ukuta wa ua. Iko katika nondo za madirisha, ambazo fundi wa kuchomelea huzikunja ziwe ua, mwezi au moyo kabla dirisha halijapachikwa. Wapo wanaoziona kazi hizi kuwa za kawaida mno. Mimi nazihesabu kuwa mrithi halali wa zidaka na mfaa, kwa sababu zinafanya kazi ya jengo na ya macho kwa pamoja.

Kinachoniogofya ni uzio mrefu. Nyumba mpya inajificha nyuma ya ukuta, baraza inatoweka, dirisha linakuwa la aluminiamu linalofanana na la jirani, na geti la chuma ndilo pekee linalobaki kusalimia mtaa.

Basi wewe uliyerithi nyumba Pangani, Mkinga au Tanga mjini yenye mlango uliochongwa kabla ya mwaka 1940, usikubali ung'olewe uuzwe peke yake, hata ukiahidiwa mlango mpya na fedha juu. Upige picha. Andika jina la fundi maadamu wazee wanaomkumbuka wapo. Peleka habari kwa ofisa utamaduni wa halmashauri yako. Na Halmashauri ya Jiji la Tanga ifungue daftari la milango, madirisha na mabaraza, mtaa kwa mtaa, na Makorora iwemo tangu ukurasa wa kwanza.