Bia Iliyongoja Miaka 74

Hadi mwaka 1989, mkazi wa Reykjavík aliweza kuingia katika duka la serikali akatoka na chupa ya brennivín, kinywaji kikali cha taifa, bila kuulizwa na mtu. Bia ya kawaida ndiyo iliyokuwa haramu.

Kioja hicho kilianzia kwenye sanduku la kura. Mwaka 1908 wananchi wa Iceland waliulizwa kama pombe ipigwe marufuku, na takribani asilimia 60 ya waliopiga kura wakakubali. Tarehe 1 Januari 1915 marufuku ikaanza kazi: bia, divai na pombe kali, zote nje.

Haikuchukua muda kutoboka. Madaktari waliruhusiwa kuandika pombe kama dawa, na watu wakaugua kwelikweli. Wengine walipika gongo yao wenyewe. Lakini pigo kubwa lilitoka Hispania, mnunuzi mkubwa wa samaki wa chumvi wa Iceland. Wahispania walitoa sharti: msiponunua divai yetu, nasi hatununui samaki wenu. Nchi iliyoishi kwa samaki ilikuwa imeshika makali, mpini uko kwa mwingine. Mwaka 1922 divai ikarudi.

Mwaka 1933 wananchi walipiga kura tena, safari hii kuiondoa marufuku, na mwaka 1935 pombe kali ikahalalishwa. Wapinzani wa ulevi walitupiwa kifuta machozi: bia inayozidi asilimia 2.25 ya kilevi ibaki marufuku. Hoja yao ilikuwa kwamba bia ni rahisi, hivyo ingewavuta vijana na maskini.

Mabaharia na wahudumu wa ndege waliruhusiwa kuingia nchini na bia. Abiria wa kawaida hawakuruhusiwa. Mwaka 1979 mfanyabiashara mmoja aligoma kuiacha yake uwanja wa ndege, na mwaka uliofuata abiria nao wakapewa ruhusa. Mabaa yalichanganya bia hafifu na pombe kali kupata kitu cha kufanana nayo, hadi mchanganyiko huo nao ukapigwa marufuku mwaka 1985.

Bunge lilisalimu amri mwaka 1988, na tarehe 1 Machi 1989 bia ikauzwa. Waliotaka kuwalinda watu na ulevi walikuwa wamewaachia kikali na kuwanyima hafifu kwa zaidi ya nusu karne. Kila 1 Machi, Waiceland huadhimisha Siku ya Bia.