Mazoezi ya nyumbani baada ya damu kuganda mapafuni

Mazoezi haya hulenga kumrejeshea nguvu mgonjwa ambaye bonge la damu, mara nyingi kutoka mishipa ya miguu, liliziba ateri ya mapafu. Hata baada ya dawa za kuzuia damu kuganda, wengi huendelea kuchoka na kuishiwa pumzi kwa miezi.

Kutembea ndiyo njia rahisi: kwa idhini ya daktari, mgonjwa huanza taratibu, kisha huongeza muda na kasi.

Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2020 ulihusisha wagonjwa 140. Kundi moja kati ya mawili lilifanya mazoezi nyumbani kwa wiki 8, likiongozwa na wataalamu wa fiziotherapia. Makundi yote mawili yaliongeza uwezo wa kutembea, bila tofauti ya uhakika kati yao.

Maumivu ya kifua, kuzimia au kukohoa damu humtaka mgonjwa aache mazoezi na kuwahi hospitali mara moja.