Biopsi ya tezi dume kwa mwongozo wa MRI

Biopsi ya tezi dume kwa mwongozo wa MRI ni uchukuaji wa vinyama vidogo kutoka sehemu ya tezi iliyotiliwa shaka kwenye picha za MRI, ili vipimwe saratani kwa darubini. Katika njia ya zamani daktari huongozwa na ultrasaundi na kuchoma sindano mara 10 hadi 12, akifuata mpangilio uleule kwa kila mgonjwa. Ultrasaundi huionyesha tezi, lakini uvimbe wenyewe mara nyingi hauonekani. Saratani iliyojificha mbele ya tezi huweza kukwepa sindano, huku vijiuvimbe ambavyo visingemdhuru mtu vikinaswa na kutibiwa bila sababu.

Msomaji wa picha za MRI hutoa alama 1 hadi 5 kulingana na uwezekano wa saratani ya hatari. Mwenye 1 au 2 mara nyingi huepushwa sindano. Katika utafiti wa PRECISION wa mwaka 2018, uliohusisha wanaume 500, saratani ya hatari iligunduliwa kwa asilimia 38 ya waliotanguliziwa MRI, na asilimia 26 ya waliofanyiwa biopsi ya kawaida.

Kwa wakazi wa Karagwe na Kyerwa, wilaya za mkoa wa Kagera nchini Tanzania, kukifikia kipimo hiki ni safari ndefu. Wilaya hizo zina hospitali kama Nyakahanga na Isingiro. Rufaa huelekea Bukoba, kisha hospitali ya Bugando, Mwanza. Wengine hufika hadi Muhimbili, Dar es Salaam. Nauli, malazi na msindikizaji ni mzigo hata kabla ya gharama ya kipimo.

Saratani ya tezi dume inaongoza miongoni mwa wanaume wa Tanzania, na wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Woga wa kipimo cha kidole, ambapo daktari huipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, nao unachangia. Mzee mwenye maumivu ya mifupa, ambaye PSA yake (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) imefika mamia, hana haja ya kusubiri MRI ndipo achukuliwe kinyama: biopsi ya kawaida inamtosha. Anayefaidika hasa ni yule ambaye PSA yake imepanda kidogo na bado hajisikii mgonjwa, naye ndiye asiyepimwa. Hata hivyo, PSA hupandishwa pia na maambukizi au kutanuka kwa tezi kusiko kwa saratani.

Utafiti wa PRIME wa mwaka 2025 ulionyesha kuwa MRI fupi, isiyo na sindano ya dawa ya kung'arisha picha, hugundua saratani ya hatari sawa na ile ndefu. Kwa hospitali zenye mashine chache na foleni ndefu, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini kwa mkazi wa Kayanga, Karagwe, au Nkwenda, Kyerwa, mlango wa kwanza ni kipimo cha damu: aliyefikisha miaka 50, au 45 ikiwa baba au kaka yake aliugua, amuulize daktari wake kuhusu PSA.