Gedalia Alionywa

Ndugu zangu wakimbizi, tunahimizwa kusamehe. Ni sawa, lakini kusamehe siyo kumwamini mtu yuleyule tena.

Yerusalemu ilipoanguka, karibu mwaka 586 kabla ya Kristo, Gedalia aliwekwa Mispa kuwaangalia maskini walioachwa. Yohanani akamwonya: Ishmaeli anataka kukuua. Akaomba hata ruhusa amuue kwa siri. Gedalia alikataa, na hapo simlaumu. Ila aliona onyo lote ni uongo, hakuchunguza. Ishmaeli akaja, wakala pamoja, akamuua. Watu waliobaki wakaogopa Wababeli, wakakimbilia Misri. Wakawa wakimbizi kama sisi.

Nehemia yeye aliitwa na Sanbalati mara nne. Hakwenda, aliendelea kujenga ukuta. Mimi nafuata njia hiyo: simlipizi mdanganyifu, ila kikao chake siendi.